Kufundisha Sarufi ya Kiingereza kwa Michezo katika Madarasa ya Mwanzo

Kila mwaka, majira ya mazoezi ya kufundisha yanapowadia, sisi wakufunzi huenda kutoka shule hadi shule, tukaketi nyuma ya darasa na daftari magotini, tukawatazama wanachuo wetu wakifundisha. Katika somo la Kiingereza aghalabu tunayoyaona ni yale yale. Mwalimu amechora jedwali ubaoni: kiima upande wa kushoto, kitenzi kisaidizi katikati, kitenzi kikuu upande wa kulia. Anaelekeza kwa fimbo, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja, "I am reading. You are reading. He is reading." Sauti ni nzuri, nidhamu ni njema, na andalio la somo limefuatwa hatua kwa hatua. Kengele inalia, mwanachuo anatugeukia kwa uso wa furaha, nasi hatuna budi kuamua tumwambie nini.

Tunaandika makala haya kwa sababu furaha hiyo twaijua. Tuliwahi kuwa nayo, tukaipoteza kwa asubuhi moja. Shabaha yetu si kuwalaumu wanachuo, bali ni kueleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe, tulilojifunza kutokana nalo, na michezo mitatu ya kufundishia sarufi ambayo tangu hapo hatujaiacha.

Kosa letu

Ulikuwa mwaka wetu wa pili wa kazi, katika shule moja ya kijijini. Tulipewa Darasa la 3 lenye watoto zaidi ya sitini, na tulikuwa tukifundisha wakati uliopo kwa tendo linaloendelea. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Kwa hiyo hatukuridhika na jedwali peke yake. Tulimwita mtoto mbele, tukamwamuru afungue mlango, na alipokuwa akiufungua tukamwuliza, "What are you doing?" Akajibu, "I am opening the door." Darasa likaitikia. Akaja wa pili, akaja wa tatu, hata wa kumi. Mwalimu Mkuu aliyekuwa akipita nje alisimama kidogo dirishani, akasikiliza, kisha akaenda zake akitabasamu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, tulimkuta msichana mmoja wa darasa lile akifagia chini ya mwembe. Kwa kutaka kuona matunda ya kazi yetu tukamwuliza, "What are you doing?" Aliweka ufagio chini, akasimama wima, mikono nyuma, akajibu kwa sauti safi, "I am opening the door."

Tukacheka. Hatukukusudia ubaya, lakini tulicheka kwa sauti, na wenzake waliokuwa karibu wakacheka pia kwa kuwa mwalimu amecheka. Yule mtoto akaokota ufagio wake, akaendelea kufagia bila kuinua uso. Tangu siku ile hakunyosha mkono tena katika somo la Kiingereza.

Ilituchukua wiki kadhaa kukiri nafsini mwetu kwamba mtoto yule hakukosea. Alijibu sawasawa na alivyofundishwa. Katika somo letu maneno "What are you doing?" hayakuwa swali hata kidogo, yalikuwa ishara ya kuanza kukariri, kama vile kengele ilivyo ishara ya kupanga mstari. Sote tuliuona mlango ukifunguliwa, wala hapakuwa na mtu mmoja darasani aliyehitaji kuambiwa. Watoto si wajinga. Walitambua upesi kwamba maneno yale hayakuwa na kazi ya kumpasha mtu habari, wakayahifadhi kama yalivyo, mlango na vyote.

Mwalimu aliyekariri kamusi

Katika historia ya mbinu za kufundisha lugha yuko Mfaransa mmoja, François Gouin, aliyekuwa mwalimu wa Kilatini katika karne ya 19. Alipotaka kujifunza Kijerumani alikwenda Hamburg, akajifungia chumbani, akakariri kitabu cha sarufi na jedwali la vitenzi. Alipokwenda kusikiliza mihadhara hakuelewa neno. Akarudi chumbani, akakariri na kamusi. Bado hakuelewa. Aliporejea kwao alimkuta mpwa wake mwenye umri wa miaka mitatu, ambaye katika muda ule ule alikuwa amejifunza kusema Kifaransa bila kitabu. Siku moja mtoto huyo alipelekwa kuona kinu cha kusagia nafaka. Aliporudi nyumbani alimsimulia kila aliyemkuta yale aliyoyaona, tena na tena, kisha akatengeneza kinu chake cha mchezo, akawa anatenda huku anasema.

Kutokana na hayo Gouin alibuni njia yake, akaieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1880. Alilipasua tendo moja katika vitendo vidogo vidogo vinavyofuatana, na kila kitendo kikapewa sentensi yake. Mfano wake unaojulikana zaidi ni wa mtu anayeuendea mlango na kuufungua. Baada yake walikuja wengine wengi wa njia ya vitendo. Harold Palmer na binti yake Dorothée walitoa kitabu chao cha kufundisha Kiingereza kwa vitendo huko Tokyo mwaka 1925.

Tuliposoma habari hizi kwa mara ya pili, baada ya kisa cha ufagio, tuliona jambo ambalo mara ya kwanza lilitupita. Yule mtoto wa kinu hakusema kwa sababu aliamrishwa atende. Alisema kwa sababu ameona jambo ambalo wale waliobaki nyumbani hawakuliona, naye alikuwa na hamu ya kuwaambia. Hamu hiyo ndiyo iliyoita maneno, na maneno yakaita sarufi. Sisi tulikuwa tumechukua kitendo tukaiacha hamu. Kutoka katika njia yote ile, kilichotufikia sisi kilikuwa ni mlango tu.

Basi tangu wakati ule tumejiwekea kanuni moja, nayo ni hii: swali la kweli ni lile ambalo mwenye kuuliza hajui jibu lake. Somo la sarufi ambalo ndani yake hamna hata swali moja la namna hiyo ni zoezi la kinywa, hata kama watoto wanarukaruka na kufungua milango kutwa nzima.

Kwa nini jambo hili ni zito

Msomaji anaweza kusema kwamba kukariri nako kuna faida, na kwamba mtihani hauulizi hamu. Lakini tukumbuke mahali mtoto anapokwenda. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali, isipokuwa chache, na sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aingiaye Kidato cha 1 atatakiwa aulize kuhusu moyo, mvuke na hesabu kwa sarufi aliyoipata kwetu. Ikiwa tulimfundisha kuitikia tu, ataketi kimya miaka minne, na walimu wake watasema hana akili. Hatutakuwapo kueleza kwamba akili anayo; asichokuwa nacho ni swali.

Mchezo wa kwanza: Kisia Tendo

Mchezo huu ni wa wakati uliopo, tendo linaloendelea, pamoja na maswali ya "Are you" na "Is he". Andaa vipande kumi vya karatasi, kila kimoja kikiwa na picha ya tendo ambalo watoto wa mahali pale wanalijua: kufua, kutwanga mahindi, kukamua ng'ombe, kuchana nywele, kupanda mbegu, kuendesha baiskeli. Kwanza wafundishe vitenzi vyenyewe. Hapa kuitikia kwa pamoja kuna nafasi yake, kwa ajili ya matamshi, lakini kusizidi dakika kumi.

Kisha mtoto mmoja achague karatasi, aitazame peke yake, aigize tendo bila kusema. Wenzake wakisie: "Are you washing clothes?" Ajibu, "No, I am not." "Are you pounding maize?" "Yes, I am." Tazama tofauti. Tendo ni lile lile la kuigiza, lakini sasa darasa halijui, na yeye peke yake ndiye ajuaye.

Wakiisha kuzoea, ita mvulana na msichana waigize kwa pamoja matendo mawili yaliyo mbalimbali, na mtoto wa tatu, aliyeziona karatasi zote mbili, awe ndiye mwenye kujibu. Darasa sasa litauliza, "Is he milking a cow? Is she combing her hair?" Sababu yake ni hii: Kiswahili kina "yeye" mmoja tu, kwa mwanamume na kwa mwanamke, Kiingereza kina "he" na "she". Mtoto anayesema "he" kwa msichana hana uzembe. Anafuata lugha yake. Ukimkemea mara mia hatabadilika. Lakini katika mchezo huu, akiuliza "he" huku akimkusudia msichana, atapewa jibu la mvulana, naye atapoteza nafasi yake. Atalitafuta neno la haki yeye mwenyewe.

Tahadhari moja: mwanzoni usiruhusu maswali ya kukanusha. Kwa Kiswahili mtu akiulizwa, "Hufui?" hujibu, "Ndiyo, sifui." Kwa Kiingereza hujibiwa, "No, I am not." Jambo hilo lina somo lake, usilichanganye na hili.

Mchezo huu tuliuanza katika Darasa lile lile la 3. Wiki ya kwanza yule msichana hakutoka mbele, nasi hatukumlazimisha. Wiki ya pili alitoka, akachukua karatasi, akaigiza. Darasa likakisia kufua, likakisia kulima, likakisia kupiga ngoma. Kila mara alijibu "No, I am not," kwa sauti ndogo. Makisio yalipokwisha alitutazama, kisha akalitazama darasa, akasema, "I am pounding cassava." Katika karatasi tulichora mahindi. Yeye aliona muhogo, kwa kuwa kwao walitwanga muhogo, na neno "cassava" tulikuwa tumelitaja mara moja tu, miezi miwili nyuma, katika somo la vyakula. Sentensi ile haikuwamo ubaoni. Ilikuwa yake. Safari hii hatukucheka. Na tukiwa mkufunzi leo, hatujui sifa nyingine ya kazi yetu tunayoikumbuka zaidi.

Mchezo wa pili: Kimefichwa Wapi?

Huu ni wa vihusishi vya mahali. Kiswahili husema "mezani", nasi tukaelewana, hata kama kitu kiko juu ya meza au mtu ameketi kando yake. Si kwamba Kiswahili hakina maneno ya kupambanua. Tunayo "juu ya", "chini ya", "ndani ya", "nyuma ya". Ila mara nyingi "-ni" hututosha, na Kiingereza hakikubali kutoshwa. Humtaka msemaji achague: "on", "in", "under", "behind", "at".

Mtoto mmoja atoke nje. Darasa lifiche kipande cha chaki. Aitwe, apewe maswali kumi tu: "Is it under the table? Is it in the bag? Is it behind the door?" Darasa lijibu, "No, it isn't," au "Yes, it is." Vitu viwe vichache na vionekane, na kila kimoja kiwe na mahali pawili panapoweza kufichwa kitu, ili kihusishi kiwe ndicho chenye uzito. Ikiwa chaki imo ndani ya sanduku, naye akauliza "on the box", jibu ni hapana. Hapo mtoto atajua kwamba neno dogo linaweza kumpotezea mchezo mzima.

Mchezo wa tatu: Uchunguzi wa Darasa

Huu ni wa wakati uliopo kwa mambo ya mazoea, ambao ndio unaowatesa watoto wetu kuliko yote. Shida ya kwanza ni kwamba "ninakunywa chai" yaweza kuwa sasa hivi, na yaweza kuwa kila siku; Kiingereza hutenganisha "I am drinking" na "I drink". Lakini Kiswahili chenyewe kinatupa daraja: kiambishi "hu-". Andika ubaoni sentensi mbili sambamba, "Sasa ninakunywa chai" na "Mimi hunywa chai kila asubuhi," na chini yake sentensi za Kiingereza. Mtoto ataona kwamba jambo hili si geni. Hata kwao limo. Walimu wengine huogopa kutumia Kiswahili katika somo la Kiingereza. Sisi twasema kwamba dakika mbili za Kiswahili mahali pake huokoa mwezi mzima wa kubahatisha.

Shida ya pili ni neno "do". Kwa nafasi yake lafanana na "je" yetu, kwa kuwa hutangulia swali. Lakini "je" haibadiliki, na "do" hugeuka kuwa "does", kisha hukinyang'anya kitenzi herufi yake "s". Watoto wetu husema, "Does he drinks?" Tuwaeleze hivi: "s" ni moja tu, ikiisha kukaa katika "does", hairudi tena katika kitenzi.

Katika mchezo, kila mtoto achore jedwali dogo daftarini: majina ya wenzake watatu, na maswali manne. Mathalani, "Do you drink tea in the morning? Do you fetch water? Do you keep goats? Do you walk to school with your sister?" Awaendee, aulize, aweke alama. Kisha atoe taarifa mbele ya darasa: "Juma drinks tea. He does not keep goats." Taarifa ndiyo inayoileta "s" kwa lazima, kwa kuwa sasa anamsema mtu wa tatu. Nawe mwalimu sikiliza kwa makini, maana utajua habari za watoto wako ambazo hakuna kitabu kingekupa: nani huja shule bila kunywa kitu, nani hukamua mbuzi kabla ya alfajiri. Swali la kweli humfundisha hata mwulizaji aliye mwalimu.

Kupanga kazi

Kwa kipindi cha dakika 40 twapendekeza dakika 10 za kutayarisha maneno, 20 za mchezo, na 10 za kanuni. Kanuni ije mwisho, tena itoke vinywani mwa watoto. Waulize, "Tulipomsema Juma tuliongeza nini?" Wakikuambia, iandike ubaoni, nao waiandike daftarini. Kanuni iliyotafutwa hivyo hudumu kuliko iliyotangulia.

Darasa likiwa na watoto sabini, usiwe na mchezo mmoja mbele huku wengine sitini na tisa wanatazama. Kila dawati liwe kundi, na karatasi zizunguke. Kama kuna mti nje, toka nao. Kelele zitakuwapo, mpe habari mapema mwalimu wa chumba cha pili, na mkubaliane kwa ishara ya kunyamaza.

Makosa yatakuwa mengi. Usimkatize mtoto anayemweleza mwenzake jambo. Andika kosa pembeni mwa daftari lako, na katika dakika za mwisho liweke ubaoni bila kutaja mwenye kosa, darasa zima lilirekebishe. Na kama jibu la mtoto litakuchekesha, jiulize kwanza ni nani aliyemfundisha kujibu hivyo.

Mwisho, tuna ungamo la pili. Kwa miaka kadhaa sisi wakufunzi tumewapa alama nzuri wanachuo ambao madarasa yao yalikuwa kimya au yaliitikia kwa pamoja, kwa kuwa hayo ni rahisi kuyapima. Wanachuo walituona, wakafundisha kama tulivyopenda. Hatuwezi kuwataka wabadilike ikiwa daftari zetu hazibadiliki. Kwa hiyo safari hii, tutakapoketi nyuma ya darasa lako, tutatega sikio kwa jambo moja kabla ya mengine: je, katika dakika 40, yuko mtoto aliyesema kwa Kiingereza neno ambalo wenzake hawakulijua mpaka alipolisema? Akiwa mmoja tu, hata kama alisema kwa makosa, tutaliandika katika daftari letu kwamba somo limefundishwa.